Jedwali la faida na hasara limenishinda: nibaki kwenye biashara ya familia au niondoke?

*"Nina miaka 38. Miaka saba iliyopita niliweka akiba yangu yote kwenye karakana ya samani nikawa mbia wa kaka yangu mkubwa. Karakana inajiendesha lakini haikui. Sasa nimepewa kazi ya kuajiriwa katika mji mwingine, na wanataka jibu ndani ya wiki tatu. Nimechora jedwali la faida na hasara mara tatu, nikatoa na alama. La kwanza lilisema nibaki, la pili niondoke, la tatu likatoka sare. Nikijichunguza naona mimi mwenyewe ndiye ninayezisogeza alama. Nikifikiria kuondoka nakosa usingizi: kaka ataona nimemtupa, na miaka saba itakuwa imepotea bure. Rafiki mmoja ananiambia nifuate moyo. Mwingine anasema fikra tunduizi ni kuweka hisia pembeni. Nifanyeje, na nitajuaje kwamba nimeamua sawasawa?"*

Nianze na hilo la kusogeza alama, maana umeliandika kama aibu, kumbe ndilo lenye habari nyingi kuliko yote uliyoyasema.

Jedwali la aina hiyo ni la zamani. Septemba 1772, Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia rafiki yake mwanasayansi Joseph Priestley, ambaye alikuwa anasitasita kuhusu kazi mpya, akamweleza njia yake: gawa karatasi kwa mstari, upande huu andika sababu za kukubali, upande ule za kukataa, endelea kuongeza kwa siku tatu nne, kisha futa sababu zinazolingana uzito. Watu wanaikumbuka karatasi na kusahau jinsi barua ilivyoanza. Franklin alimwambia Priestley kwamba hawezi kumshauri achague nini kwa kuwa hana taarifa za kutosha; anachoweza kumpa ni namna ya kuchagua tu. Hapo ndipo ulipokwama wewe. Jedwali hupanga unachokijua, haliongezi hata chembe ya usichokijua. Safu zote mbili zimetoka kichwani mwako, alama zimetoka kichwa hichohicho, na jibu usilolipenda likija, mkono uleule unarudi kurekebisha. Ni mizani ambayo muuzaji kaweka kidole gumba kwenye sahani.

Kwa hiyo usichore la nne. Ila kabla hujazitupa karatasi hizo tatu, zilinganishe. Alama zipi zilibadilika, na zilikwenda upande gani? Kama "kaka" alipanda kutoka 5 hadi 9 siku ambayo kuondoka kulikuwa kunashinda, umeshajua uzito uko wapi. Kama uzito huo ni wa haki, hilo bado hujalijua, na ndiyo kazi iliyobaki.

Sasa marafiki zako. Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Hisia hukuambia kwamba kuna jambo. Haikuambii ni jambo gani, wala kama lina ukweli. Ukiitii bila kuihoji unaweza kukimbia kitu ambacho hakipo. Ukiizima unapoteza taarifa ambayo hukuipata popote pengine. Fikra tunduizi huichukua hisia na kuigeuza kuwa madai yanayoweza kuchunguzwa.

Chukua karatasi, andika: "Nakosa usingizi nikifikiria kuondoka kwa sababu…" na umalizie. Kisha ongeza "kwa sababu" nyingine, na nyingine, hadi upate sentensi ambazo zinaweza kuwa kweli au uongo. Kwa maelezo yako, natarajia zitoke kama hivi: "Kaka atanikasirikia na hatutazungumza tena." "Karakana itakufa bila mimi." "Watu watasema nimeshindwa." Na huenda ikajitokeza ya nne ambayo hukuitaja: "Naogopa kuwa chini ya bosi baada ya miaka saba ya kujiongoza." Zitazame moja moja. Ya kwanza inaulizwa kwa kaka. Ya pili inapigiwa hesabu. Ya tatu haihusu karakana wala ajira, inahusu sifa, na ni wewe wa kuamua unataka kuilipia kiasi gani. Ya nne inahusu kazi mpya na unaweza kuitafutia ushahidi kabla ya kusaini chochote. Usiku zote zilikuwa donge moja kifuani. Mezani ni mambo manne yenye majibu tofauti.

Hiyo miaka saba nayo tuiseme. Unachokiona wewe kama hasara ya baadaye ("itakuwa imepotea") kimeshatokea. Muda umekwenda na fedha zimekwenda, ubaki au uondoke. Watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walilipima hili mwaka 1985 kwa tiketi za msimu za maigizo: wanunuzi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakalipa bei kamili na wengine wakapewa punguzo. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi, ingawa maigizo yalikuwa yaleyale na fedha zilikuwa hazirudi kwa yeyote. Tunafuata tulichotoa. Na kwa kuwa machungu ya kupoteza huwa na nguvu takriban maradufu ya furaha ya kupata kiasi kilekile, kama wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walivyokadiria, kuifunga hesabu kunauma kuliko kuiacha wazi.

Njia ya kujipima ni swali hili: kama leo ningekuwa na fedha zile mkononi, na mtu ananiuzia nafasi yangu kwenye karakana hii kama ilivyo, pamoja na saa za kazi zinazokuja nayo, ningeinunua? Lijibu kwa maandishi. Lakini hapa watu huvuka mpaka wakadhani kila cha zamani kitupwe. La. Ujuzi ulioupata, wateja wanaokujua kwa jina, mashine zinazoweza kuuzwa, sehemu yako ya umiliki: hivi vina thamani kesho, basi vihesabiwe kama vya kesho. Usivihesabu kwa bei uliyolipa.

Kosa lililo kubwa zaidi katika barua yako ni dogo kwa macho: neno "au". Nibaki au niondoke. Ukijifungia kwenye njia mbili, akili yote inakwenda kwenye kupima na hakuna inayobaki ya kutafuta. Jaribu hivi: tuseme njia zote mbili zimefutwa. Kazi imechukuliwa na mtu mwingine, na karakana huwezi kuendelea nayo kama ilivyo sasa. Ungefanya nini? Kinachotoka hapo mara nyingi kilikuwepo muda wote. Unaweza kubaki mbia bila kuwa mfanyakazi, mkaajiri msimamizi. Kaka anaweza kununua sehemu yako kwa awamu. Mwajiri anaweza kuombwa asogeze tarehe ya kuanza kwa miezi miwili. Karakana inaweza kupunguzwa ibaki na aina moja ya samani inayouzika. Inaweza hata kufungwa na wote wawili mkatafuta kingine, wazo ambalo ndugu wengi hulifikiria kila mmoja peke yake na hakuna anayethubutu kulitamka.

Si zote zitawezekana. Usijidanganye pia kwamba una njia tano kwa sababu umeandika mistari mitano. Njia ni njia pale unapoweza kumtaja mtu wa kuulizwa na siku ya kumuuliza. Ukipata mbili za kweli zaidi ya zile za mwanzo, inatosha.

Halafu kuna maswali matatu uliyoyafunga pamoja. Yafungue, kwa maana kila moja lina ushahidi wake.

La kwanza: je, karakana ina uhai kama biashara? Hili halijibiwi kwa moyo hata kidogo. Toa hesabu za miezi 24 iliyopita, mwezi kwa mwezi: mauzo, mbao na vifaa, pango, umeme, mishahara, marejesho ya mkopo. Kisha ongeza mstari ambao biashara za familia huusahau karibu kila mara, yaani mshahara wenu nyinyi wenyewe. Tuseme baada ya gharama zote inabaki 100 kwa mwezi, na msimamizi wa kiwango chenu angelipwa 80. Mko wawili, hiyo ni 160. Basi karakana haikubakiza 100. Imekula 60 ya jasho lenu, kila mwezi, na ndiyo maana inaonekana "inajiendesha". Ukiona hesabu inageuka hivyo, usikimbilie kusema biashara imekufa. Tazama mwelekeo: pengo linapungua au linapanuka? Na lingekuwaje kama bei zingepanda kidogo au oda za hasara zingekataliwa?

Hapo utasikia sauti ikisema "mwakani itatengemaa". Ihoji kwa kumbukumbu. Fungua jumbe zako za zamani na kaka utafute ni mara ngapi mmeshaahidiana hivyo, na kwa sababu zipi. Binadamu hukadiria mambo yake kwa kutazama mpango wake na kusahau historia yake. Katika utafiti mmoja uliochapishwa 1994, Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi, na waliomaliza walichukua takriban 55. Ukitaka kujua mwakani kutakuwaje, miaka saba iliyopita ni shahidi bora kuliko mpango wa mwaka huu, labda kama kuna kitu mahususi kilichobadilika na unaweza kukitaja.

La pili: je, kazi yenyewe ni nzuri? Umeandika neno moja tu kuihusu, "nimepewa". Uliza kwa nini nafasi iko wazi na aliyekuwepo alikwenda wapi. Uliza muda wa majaribio ni miezi mingapi, na nini kinafanya mtu asithibitishwe. Uliza utakuwa chini ya nani, na uombe kuzungumza naye kabla hujajibu. Tafuta watu wawili, mmoja aliyepo na mmoja aliyeondoka. Kilichoahidiwa kwa mdomo kiombe kwa maandishi. Mwajiri akinuna kwa kuulizwa hayo, nalo ni jibu.

La tatu: una deni gani kwa kaka? Hapa ndipo penye moto, na ndipo ulipo na taarifa chache kuliko kote. Tazama barua yako: umeandika kaka "ataona". Hujaandika kaka amesema nini. Umemtungia maneno, kisha ukakosa usingizi kwa maneno uliyoyatunga. Huenda ukawa umempatia. Huenda pia naye amechoka na anakuonea haya wewe.

Zungumza naye kabla ya kuamua. Ukishaamua, maneno yaleyale yatasikika kama taarifa ya kifo. Chagua saa ambayo hakuna wateja wala wazee wa ukoo, na usianze na kazi mpya. Anza na karakana: "Kaka, nataka tukae na hesabu za miaka miwili tuangalie pamoja tulipofika. Kuna jambo limenijia, sijalijibu, na sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine." Kisha mwambie jambo lenyewe na umuulize swali ambalo hujui jibu lake: "Wewe ungekuwa peke yako hapa, ungefanya nini na karakana hii?" Halafu nyamaza. Akikasirika, hasira ya siku ya kwanza isichukuliwe kama msimamo wake. Rudi baada ya siku mbili tatu. Wala heshima kwa mkubwa haikulazimishi umpe uamuzi wako. Inakulazimisha asikie kutoka kwako, mapema, na asikilizwe.

Kuna hatua moja inayotangulia yote hayo, na wengi huiruka kwa kuwa inaonekana ya kitoto. Kabla hujafungua hesabu na kabla hujazungumza na mtu, andika sharti lako. Kwa mfano: "Nitaondoka ikiwa, baada ya kuhesabu mishahara yetu, karakana imekuwa hasi kwa miezi 15 au zaidi kati ya 24, na kaka anaweza kuiendesha bila mimi au yuko tayari kuninunua kwa awamu. Nitabaki ikiwa pengo limekuwa likipungua mwaka mzima, au ikiwa aliyeacha kazi hiyo ana sababu ambayo nami nisingeivumilia." Namba ziwe zako, ila ziandikwe kwanza. Ukisubiri uone majibu ndipo uweke kipimo, utaweka kipimo kinachokubaliana na unachotaka.

Tabia hiyo si yako peke yako. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6 akawaambia wagundue kanuni yake kwa kupendekeza namba nyingine tatu tatu. Wengi walikisia "zinaongezeka kwa mbili" wakajaribu 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, wakaambiwa kila mara zinafuata kanuni, wakawa na uhakika. Kanuni ilikuwa namba zinazopanda tu, zozote. Ambaye angejaribu 1, 7, 50 angelijua kosa lake mara moja, lakini nani huuliza swali ambalo likijibiwa vibaya linamvunjia dhana yake? Wewe liulize. Ukijikuta umepigia simu watu watatu ambao ulijua watakachosema, ongeza wa nne ambaye humjui atasema nini.

Ukishapata taarifa, fanya zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein aliliandikia mwaka 2007: jifanye mwaka umepita na uamuzi wako umeharibika kabisa. Usijiulize kama utaharibika, chukulia umeshaharibika, kisha andika kwa dakika kumi ni nini kilitokea. Fanya kwa kuondoka, ufanye na kwa kubaki. Kwa kubaki watu huandika kidogo, kana kwamba kubaki hakuna hatari, kwa hiyo jilazimishe. Kisha panga sababu hizo: zipi unaweza kuzizuia sasa, zipi zingetoa dalili mapema (na dalili gani), zipi ni za kumeza tu. Njia ambayo maafa yake mengi yako kwenye kundi la kwanza inakufaa kuliko inavyoonekana.

Zoezi lingine dogo: andika tatizo lako kama la mtu mwingine, kwa jina la kubuni na kwa "yeye", kisha mwandikie ushauri. Igor Grossmann na Ethan Kross walionyesha mwaka 2014 kwamba watu hufikiri kwa busara zaidi juu ya matatizo ya wengine kuliko ya kwao, na kwamba pengo hilo hupungua sana mtu akijitazama kutoka mbali. Dakika ishirini zinatosha.

Inawezekana ufanye yote haya na bado zilingane. Hilo si kushindwa. Maana yake ni kwamba ushahidi umekwisha na kilichobaki ni unataka kuwa mtu wa namna gani, jambo ambalo hakuna hesabu inayolijibu. Katika hali hiyo ningetazama mlango upi unaweza kufunguliwa tena. Kuna na tokeo moja la kukumbuka: mwanauchumi Steven Levitt alikusanya zaidi ya mirusho 20,000 ya sarafu ya watu waliokuwa njia panda, waliokubali kurushiwa sarafu iwasaidie kuamua wabadilike au wabaki, na kwa wale waliokuwa na uamuzi mkubwa, waliobadilisha maisha yao walikuwa, kwa wastani, na furaha zaidi miezi sita baadaye kuliko waliobaki walipo. Hao walikuwa watu waliojitokeza wenyewe, na wastani haukujui wewe, basi isiwe ruhusa ya kuondoka. Ichukulie kama onyo kwamba mtu aliye njia panda kwa kawaida huipa hali ya sasa uzito uliozidi.

Na utajuaje kama umeamua sawasawa? Kwa matokeo, hutajua. Uamuzi mzuri unaweza kuangukia bahati mbaya, na wa kipumbavu ukaokolewa na bahati. Unachoweza kukagua ni namna ulivyoamua, na kwa hilo unahitaji kumbukumbu isiyobadilika. Siku ya kuamua andika nusu ukurasa: tarehe, ulichokijua, usichokijua, unatarajia nini baada ya miezi sita, na kitu gani kikitokea utabadili mwelekeo. Usiiguse hadi miezi sita iishe.

Kwa wiki tatu ulizonazo: siku mbili za kwanza ni za sharti na hesabu, pamoja na kumwandikia mwajiri maswali yako na ombi la tarehe. Wiki ya pili ni ya kaka, mara mbili, na ya wale watu wawili wa kazini. Ya tatu andika maafa ya kila njia, amua siku nne kabla ya mwisho, lala nao usiku mbili bila kumwambia mtu, kisha jibu. Usiamue usiku wa manane, wala siku mliyogombana.

Kuna mambo ambayo maandishi kama haya hayatoshi. Ukosefu wa usingizi ukizidi wiki mbili, au ukiona hamu ya kula imekwisha, kazi za kawaida zinakushinda na kila njia inaonekana haina maana, muone daktari au mshauri nasaha kabla ya kuamua chochote, kwa sababu sonona huchafua makadirio yenyewe, na hesabu nzuri juu ya makadirio machafu haisaidii. Yakija mawazo ya kujidhuru, tafuta msaada siku hiyohiyo. Na kama hofu yako kwa kaka ni ya vitisho au kipigo, achana na mazoezi yote haya. Usalama kwanza, ukiwa na mtu wa kukusindikiza.

Mwisho, tafuta wakili na mhasibu ikiwa hamna mkataba wa ubia ulioandikwa, au ikiwa uliwahi kusaini udhamini wa mkopo wa karakana. Kuacha kufanya kazi pale hakukuondoi kwenye deni. Mkopeshaji anaweza kukudai hata ukiwa mji mwingine, mpaka udhamini huo uondolewe kwa maandishi. Nenda na nakala za kila ulichosaini, na uende kabla ya kile kikao cha kwanza na kaka, ili usimwahidi kitu ambacho benki haitakubali.